Picha Itangulie Mtoto: Shajara ya Mradi wa Kuunganisha Hospitali Tatu

Jumatatu, 13 Januari 2025

Naanza shajara hii kwa sababu ya mtoto wa miezi saba aliyeletwa wiki iliyopita, kichwa chake kikikua kupita kiasi. Mama yake alisafiri na basi usiku kucha, mtoto kifuani, na kwenye mkoba alikuwa na CD aliyoiviringisha ndani ya kitenge. Kwenye CD hiyo mlikuwa na siti skani ya kichwa iliyopigwa siku tano kabla katika hospitali ya mkoa alikotoka. Kompyuta ya chumba cha daktari haina pa kuingizia CD. Ya mapokezi ya eksirei inayo, lakini diski ilikuwa imekwaruzika, ikasomeka nusu tu. Ilipofika saa tisa alasiri uamuzi ukatoka: apigwe upya. Mtoto akalazwa tena mezani, akapewa tena dawa ya usingizi maana wa umri huo hatulii, akapata tena mionzi ileile. Mama akalipa mara ya pili.

Nilikuwepo kwa kuwa niliitwa kuifungua ile diski, na nikashindwa. Jioni daktari wetu wa upasuaji wa ubongo alinikuta kwenye korido. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Kijana wangu, hiyo picha ingetangulia, huyu mtoto angekuwa ameshafanyiwa upasuaji."

Maneno hayo ndiyo mradi wenyewe. Sina mpango mwingine mkubwa zaidi ya huo: mtoto anapopewa rufaa, picha yake ifike kabla yake.

Tuko watatu: mimi wa TEHAMA, mtaalamu wa mionzi mmoja, na Sista wa wodi ya watoto, ambaye anajua kuliko sisi sote watoto wanatoka wapi na wanafika na nini mkononi. Hospitali ni tatu. Sitazitaja, kwenye mitambo tumezipa majina ya kupanga, MLIMANI, ZIWANI na RUFAA. Rufaa ndiko tuliko sisi. Mlimani ina eksirei ya kidijitali na siti skani. Ziwani ina eksirei na altrasaundi.

Alhamisi, 23 Januari

Wiki nzima Sista ameandika kwenye daftari kila mtoto wa rufaa alivyofika na picha zake. Kuna wanaokuja na filamu kubwa ya plastiki iliyokunjwa katikati ili iingie kwenye begi. Kuna wa CD. Na wengi, wengi kweli, picha zao zilitangulia kwa WhatsApp: mtu ameinua filamu dirishani, akapiga kwa simu, akamtumia daktari anayemfahamu.

Sitaki kuidharau njia hiyo. Imeokoa watoto. Daktari wa wilayani mwenye bando lake mwenyewe, saa saba usiku, anatafuta msaada kwa njia aliyonayo, na upande wa pili kuna mwenzake anayeamka kumjibu. Ila inabidi nieleze kinachopotea njiani, maana nimeulizwa mara tatu wiki hii kwa nini tusiendelee hivyohivyo.

Mashine ya siti skani haipigi picha kama kamera. Inapima kila nukta ya mwili na kuipa namba: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu hupanda hadi 1000 na zaidi. Maji ya kwenye ubongo yako karibu na 0, ubongo wenyewe uko kama 30 hadi 40, na damu iliyomwagika karibuni iko juu kidogo ya hapo. Tofauti hizo ni ndogo mno, na daktari huzitafuta kwenye kompyuta kwa kubadilisha mwanga wa picha: aangalie ubongo, kisha mfupa, kisha arudi kwenye ubongo. Filamu imeshachagua mwanga mmoja. Picha ya simu ya hiyo filamu imepunguza tena, kisha WhatsApp ikaibana tena. Kipimo cha sentimita kimepotea, kwa hiyo huwezi kulinganisha upana wa vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo na picha ya mwezi ujao. Filamu ikishikwa kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Na jina la mtoto ama limekatwa pembeni, ama linaonekana wazi kwenye kundi la watu arobaini.

Kwa mtoto kuna jambo zaidi, nalo ni mionzi. Seli zake bado zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele ambamo madhara yanaweza kujitokeza. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia zaidi ya watu 170,000 waliopigwa siti skani wakiwa wadogo. Ulionyesha kwamba kadiri dozi ilivyojumlika ndivyo hatari ya saratani ya damu na uvimbe wa ubongo ilivyopanda. Kwa mtoto mmoja mmoja hatari hiyo ni ndogo, na siti skani inayohitajika ipigwe bila kusita. Inayorudiwa kwa sababu diski imekwaruzika haina utetezi.

Jumatano, 5 Februari

Safari ya Mlimani. Tumefunga kompyuta ndogo iliyotumika, yenye diski mpya ya terabaiti moja, kwenye kabati la chumba cha eksirei. Ndani yake tumeweka Orthanc, programu huria ya kupokea, kuhifadhi na kutuma picha za hospitali, iliyozaliwa mwaka 2012 katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji. Haina leseni ya kulipia, inaenda kwenye mashine dhaifu, na inazungumza DICOM, lugha ya pamoja ya mashine za picha. Viwango vya kwanza vya lugha hiyo vilitoka Marekani mwaka 1985, na tangu mwaka 1993 vinaitwa DICOM. Ni uzee wa heri: mashine ya Mlimani na yetu ni za kampuni tofauti, za miaka tofauti, na zimeelewana siku ya kwanza.

Siku ya kwanza, lakini baada ya saa tatu za kuhangaika. Kila mashine inajitambulisha kwa jina lisilozidi herufi 16, na jina hilo linatofautisha herufi kubwa na ndogo. Fundi aliyeifunga zamani aliliandika kwa herufi ndogo, mimi kwa kubwa. Mashine ikakataa bila kueleza. Mtaalamu wa mionzi wa pale, mama wa makamo aliyekuwa ametuangalia kimya tangu asubuhi, ndiye aliyesema, "Mwanangu, hebu angalia hapa, mbona si kama ulivyoandika wewe?" Alikuwa sahihi.

Nimebaki naye baadaye tukanywa chai. Akaniuliza jambo lililokuwa likimkera: je, hii ni ya kutukagua? Watu wa Rufaa watakuwa wanaangalia picha zetu na kutucheka? Nimemwahidi mambo mawili. Picha itakayotoka kwake ni ile tu ya mtoto anayepewa rufaa au anayeombewa ushauri, na yeye ndiye atakayebonyeza kuituma. La pili, kila atakachotuma kitajibiwa. Ahadi hii ya pili sikuwa nimeijadili na mtu yeyote. Nimeiandika hapa ili isinitoke.

Ijumaa, 14 Februari

Picha ya kwanza imefika. Eksirei ya kifua, mtoto wa miaka minne, Mlimani hadi Rufaa, sekunde 50 hivi. Sista amepiga vigelegele, wodi nzima ikageuka.

Jumanne, 25 Februari

Tumekosea, na nataka niandike vizuri tulivyokosea.

Juzi usiku siti skani ya kichwa ya mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe ilitumwa kutoka Mlimani. Daktari wa zamu hapa aliifungua, akaona vipande 96, yaani picha za kichwa tabaka kwa tabaka, akaviangalia vyote, hakuona damu. Alikuwa ameanza kuandika jibu pale vipande vingine 140 vilipoingia. Damu ilikuwa humo, juu zaidi, karibu na utosi. Hakuwa ametuma jibu. Mtoto anaendelea vizuri. Lakini dakika tano tu ndizo zilizotutenganisha na jibu la uongo.

Chanzo nimekipata leo. Seva, yaani ile Orthanc, haijui kama picha zimekwisha; inachofanya ni kusubiri. Ikipita sekunde 60 bila kipande kipya, inahesabu kwamba safu, yaani picha zote za kipimo kimoja, imekamilika, na programu yangu inaisukuma mbele. Mashine ya Mlimani hutuma kundi la kwanza, ikasimama kuchakata, halafu ikaendelea. Ule mwanya ulizidi sekunde 60.

Marekebisho: muda wa kusubiri nimeupandisha hadi dakika tano. Huo ni ukuta mfupi tu, kwa hiyo tumeongeza hesabu. Anayetuma anaandika idadi ya vipande anavyoviona kwenye mashine yake, na upande wetu safu haifunguki kwa daktari wa zamu mpaka idadi itimie. Isipotimia, jina linakaa na alama nyekundu na maneno HAIJAKAMILIKA. Dharura ikizidi anaweza kufungua, lakini maneno hayo yanabaki juu ya picha muda wote.

Jumatatu, 10 Machi

Hili ndilo zito kuliko yote mpaka sasa.

Asubuhi daktari wetu bingwa wa radiolojia alinipigia simu, sauti ya chini. "Njoo uone mwenyewe." Kwenye kioo chake kulikuwa na mtoto mmoja, jina moja, eksirei mbili za kifua zilizopishana siku tatu. Ya kwanza nimonia upande wa kulia. Ya pili mapafu safi. Kwa haraka ungesema dawa imefanya kazi, mtoto aruhusiwe. Yeye akanionyesha mabega. Kwenye picha ya kwanza kichwa cha mfupa wa mkono kilikuwa bado kidogo, kama cha mtoto wa miaka miwili. Kwenye ya pili kilikuwa cha mtoto wa miaka tisa. "Kwa siku tatu," akasema, "mifupa ya mtoto haiwezi kuongeza miaka saba."

Walikuwa watoto wawili. Mmoja wa Mlimani, mmoja wa Ziwani. Kila hospitali inatoa namba ya eksirei kutoka kwenye daftari lake, na kila Januari daftari linaanza upya kutoka 1. Wote wawili walikuwa namba 147. Seva yetu humtambua mgonjwa kwa namba hiyo peke yake. Zikilingana, kwake ni mtu mmoja, na jina la juu linabaki la yule aliyetangulia kuingia. Jina la pili lilikuwepo ndani ya picha yenyewe, lakini mtu akiwa na watoto thelathini wa kuwaona haingii ndani kusoma.

Nililijua hilo kwa nadharia. Lilikuwa limeandikwa kwenye maelezo ya programu, na nilikuwa nimelisoma. Sikulitilia uzito kwa sababu nilikuwa nikifikiria kebo na kasi ya mtandao. Nimetoka mle chumbani nikaenda kukaa nje chini ya mwarobaini kwa muda.

Kuanzia saa sita mchana tumesimamisha kupokea picha. Nimewapigia simu wenzetu wa Mlimani na wa Ziwani kuwaeleza sababu, bila kuficha kitu.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi hewani. Kila kompyuta ya kituo sasa inabandika herufi mbele ya namba kabla picha haijatoka: ML kwa Mlimani, ZW kwa Ziwani, na mwaka nyuma yake. DICOM ina sehemu yake rasmi ya kutaja namba imetolewa na nani, ila mashine zetu zote zinaiacha tupu, na siwezi kusubiri zibadilike. Picha zote za zamani nimezifuta kwenye seva ya Rufaa na kuziomba upya kutoka vituoni, moja moja, Sista akilinganisha na daftari lake. Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumemaliza. Tulikuta jozi nyingine mbili za aina ile, ambazo hakuna aliyekuwa ameziona.

Kisha Sista akaleta swali alilokuwa nalo tangu mwanzo, na ambalo mimi sikuwa na akili ya kuliuliza: mtoto asiye na jina je? Kichanga cha siku mbili hakina jina. Kadi inasema "Mtoto wa" na jina la mama. Hapa kwetu akina mama wenye jina moja wanaweza kuwa wanne kwenye wodi moja. Baada ya mwezi mtoto anapewa jina, anarudi nalo, na kwa mashine ni mtu mpya. Halafu mapacha: jina la mama moja, tarehe ya kuzaliwa moja, mara nyingi jinsia moja. Wasukuma wamelitatua zamani kwa kumwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na kumbe mtu wa eksirei anaandika "Mtoto wa" fulani kwa wote wawili.

Tumekubaliana hivi. Namba ya kituo ndiyo mlango. Baada yake mambo mawili lazima yalingane: tarehe ya kuzaliwa na jina kamili la mama. Kuna sehemu ya jina la mama ndani ya DICOM, na mashine yetu moja tu ndiyo inayoionyesha; kwa nyingine linaandikwa kwenye sehemu ya maelezo. Mapacha wanaandikwa PACHA 1 na PACHA 2 kwenye jina lenyewe, kwa mpangilio wa kuzaliwa, hata kama wameshapewa majina. Na hakuna kuunganisha faili mbili za mtoto mmoja bila watu wawili kuhakiki. Kompyuta isiunganishe yenyewe kamwe, hata ikiwa na uhakika kiasi gani.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tumegundua mtoto ambaye, kwa mujibu wa mashine, alipigwa picha miaka kumi na miwili kabla ya kuzaliwa. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ya mashine ya Ziwani imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi mwaka 2012. Umri unahesabiwa kwa kutoa tarehe ya kuzaliwa kwenye tarehe ya picha, kwa hiyo umri ulikuwa hasi. Betri ni shilingi chache. Nimempelekea kijana wa TEHAMA wa pale kwa basi, na sasa kompyuta yetu ya kituo inakataa kutuma picha yenye tarehe isiyo ya siku saba zilizopita mpaka mtu athibitishe.

Kwa mtu mzima kosa la tarehe ni usumbufu. Kwa mtoto umri ni nusu ya usomaji. Kichanga ana tezi kubwa kifuani, juu ya moyo, ambayo baadaye hupungua. Aliyezoea vifua vya watu wazima anaweza kuiita uvimbe. Mifupa ya mtoto ina mianya ya kukulia karibu na maungio, na mwanya huo kwa jicho lisilozoea unafanana na mfupa uliovunjika. Daktari akiambiwa miezi minne na mtoto kumbe ana miaka minne, anatafuta vitu vingine kabisa.

Upande wa tarehe za kuzaliwa nako kuna kazi. Nimepanga orodha nzima na kukuta watoto wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari. Mama au bibi akisema "alizaliwa wakati wa mavuno, mwaka juzi", karani anaweka 1 Januari ili fomu ikubali kuendelea. Sista ameomba vituo vyote vinakili tarehe kutoka kwenye kadi ya kliniki, ambayo karibu kila mama huja nayo. Kadi hiyo ina uzito pia. Tumeongeza uzito kwenye fomu. Wanaopanga dozi ya mionzi na dawa ya usingizi wanauhitaji.

Na saa. Ziwani waliandika "picha ya saa 2", sisi tukasoma saa mbili asubuhi, wao walimaanisha saa nane mchana kwa namba za mashine. Kwenye fomu sasa ni namba za saa 24 pekee. Kwenye simu tunazungumza Kiswahili chetu kama kawaida, na tunataja asubuhi, mchana au usiku.

Jumatano, 16 Aprili

Masika. Umeme unakatika, na mtandao wa Ziwani unadondoka kila wingu likipita.

Hesabu niliyoifanya Januari inanirudia. Kipande kimoja cha siti skani ni nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, yaani nusu megabaiti. Kichwa cha vipande 280 ni kama megabaiti 147. Kwa kasi ya megabiti mbili kwa sekunde ni dakika kumi. Kwa kasi ya leo mchana, kilobiti 300, ni zaidi ya saa nzima, na ikikatika katikati unaanza upya.

Kwa hiyo tumeacha kabisa kutuma kwa njia ya kawaida ya DICOM kati ya miji. Inafaa ndani ya jengo. Haina subira na mtandao mbovu, na kama hukuifungia njia ya siri, picha inasafiri wazi. Sasa kompyuta ya kituo inabana picha bila kupoteza hata nukta moja, inaikata vifungu vidogo, na kuvituma kupitia njia iliyofungwa kwa ufunguo. Kifungu kikidondoka kinarudiwa hicho tu. Umeme ukikatika foleni inabaki kwenye diski na kuendelea ukirudi. Foleni ina daraja mbili: DHARURA inapita mbele, zilizobaki zinasubiri usiku mtandao ukiwa mwepesi. Jana usiku safu 11 ziliingia kati ya saa sita na saa kumi alfajiri, na hakuna mtu aliyekesha kuzisukuma.

Nimepata swali zuri kutoka Mlimani: kwa nini tusibane zaidi, hata kwa kupoteza kidogo, zifike upesi? Kwa klipu za moyo za altrasaundi tunafanya hivyo, la sivyo hazifiki kabisa. Kwa siti skani ya kichwa cha mtoto nimekataa, na daktari wa radiolojia ameniunga mkono.

Ijumaa, 9 Mei

Kikao na mwanasheria wa hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa mwenyewe. Tulikuwa na fomu ya kurasa tatu kwa Kiingereza. Sista alimsomea mama mmoja wodini na kumuuliza ameelewa nini. Mama akasema ameelewa kwamba asipotia dole gumba mtoto hatatibiwa. Tumeichana. Mpya ni ukurasa mmoja, Kiswahili, maneno makubwa: picha inakwenda wapi, nani ataiona, inakaa muda gani, na kwamba akikataa mtoto atatibiwa vilevile. Mwanasheria aliongeza sentensi mbili na kuondoa moja ya kwangu.

Siku hiyohiyo tumeona tatizo la altrasaundi. Kwa vikao vya mafunzo tunaondoa jina kwenye taarifa za picha. Lakini mashine ya altrasaundi inaandika jina la mtoto juu ya picha yenyewe, kwa rangi nyeupe, ndani ya nukta. Unafuta kila sehemu ya taarifa na jina bado linakutazama. Sasa sehemu ya juu ya kila picha ya altrasaundi inafunikwa kwa weusi kabla haijaenda kwenye mafunzo, na mtu anaikagua kwa macho. Yupo mtoto ambaye picha za mifupa yake zilipigwa kwa sababu ya kilichompata nyumbani. Jina la mtoto yule kuonekana ukutani mbele ya wanafunzi hamsini ni kumuumiza mara ya pili.

Jumanne, 3 Juni

Ile ahadi ya kujibu. Mwezi Mei Mlimani walituma safu 31, na majibu yaliyorudi yalikuwa 19. Zile 12 zilisomwa, watoto walitibiwa, lakini hakuna aliyerudi kumwambia aliyetuma. Mama yangu wa Mlimani, yule mtaalamu wa mionzi, alinipigia simu, hakulalamika. Aliuliza tu, "Yule mtoto wa maji kichwani alifikia wapi?" Nikaona aibu.

Kuanzia wiki hii safu haifungwi kwenye orodha yetu mpaka jibu limerudi kituoni, mistari mitatu inatosha. Na mstari wa nne ni wa aliyepiga picha: imepigwa vizuri, au wakati mwingine mzungushe mtoto kidogo, au weka alama ya kushoto. Daktari wa radiolojia ndiye aliyeuomba mstari huo. Ndani ya siku kumi, eksirei za Ziwani zimeanza kuja na alama ya upande bila kukumbushwa.

Alhamisi, 19 Juni

Usiku wa Jumanne picha za altrasaundi ya kichwa ziliingia kutoka Ziwani, zilizopigwa kupitia utosi uliokuwa bado wazi. Mtoto wa miezi mitano, vyumba vya maji vimepanuka. Hakuna mionzi hata kidogo. Asubuhi saa moja na nusu daktari wa upasuaji aliziona, akapima, akampigia mwenzake wa Ziwani: mleteni leo, msimpeleke kwingine kupigwa siti skani. Sista akaandaa kitanda. Mama alifika jioni na mtoto, kadi ya kliniki na barua. Hakuwa na CD. Mapokezi walipomuuliza picha ziko wapi, akawajibu kwamba aliambiwa zimeshatangulia.

Amefanyiwa upasuaji leo. Nimepita wodini saa kumi. Amelala, mama amekaa ubavuni pake akimpepea kwa kipande cha boksi.

Yanayosubiri: hospitali ya nne imeomba kuunganishwa, na eksirei yake bado ni ya filamu, kwa hiyo itabidi kwanza kitafutwe kifaa cha kuigeuza filamu kuwa dijitali. Jozi moja ya mapacha ya mwezi Mei bado haijahakikiwa na mtu wa pili. Betri ya akiba ya Ziwani inadumu dakika nane tu. Jumatatu ninasafiri na betri mpya na kebo ya mita 40.